Milivolti au Miraba: Kuisaka Sifuri Iliyohama Kwenye Osiloskopu

Miaka kadhaa iliyopita, katika karakana moja ya Dar es Salaam, kijana niliyekuwa nafanya naye kazi alibadili regulata mara mbili kwenye bodi moja. Mara zote mbili osiloskopu ilimpa jibu lile lile: volti 3.42 mahali palipotakiwa volti 3.3. Alikwisha kushika solda tena, safari hii akiiwinda kapasita, nilipomwomba agusishe ncha ya probu kwenye klipu yake yenyewe ya ethi. Hapo hakuna volti. Mstari ulipaswa kulala juu ya alama ya sifuri. Ulilala robo ya mraba juu yake.

Mafundi huliita kosa hili ofseti: mstari mzima kupanda au kushuka kutoka mahali pake halisi. Ubaya wake ni kwamba halina sura. Wimbi linabaki na umbo lake, masafa yake yako sawa, kingo zake zimechongoka vilevile, kwa hiyo jicho halishtuki. Na dawa ambayo wengi wetu huikimbilia, yaani kuingia kwenye menyu na kuiamuru mashine ijisawazishe, mara nyingi huja mapema mno. Huufuta ushahidi kabla haujasomwa. Mimi nashikilia kwamba ofseti ina anwani ndani ya mashine, na anwani hiyo husomeka kwa penseli na karatasi kabla ya kugusa menyu yoyote.

Ili kuisoma, ni lazima kwanza kujua sifuri inatoka wapi. Ishara huingia kwenye soketi ya BNC, hupita kwenye swichi ya kuchagua DC au AC, kisha kwenye kipunguzi chenye rilei zinazotoa mlio unapobadili ngazi, yaani volti kwa kila mraba wa kioo. Baada ya hapo hukutana na amplifaya ya kupokea, ambayo mlangoni mwake kwa kawaida kuna transista ya JFET, halafu amplifaya ya pili ambayo ukuzaji wake hubadilika kwa kila ngazi. Mwisho hufika kwenye kigeuzi kinachozifanya volti kuwa namba. Mashine nyingi za karakana zina kigeuzi cha biti 8, maana yake namba 256 tu kwa kioo kizima. Njiani humo kuna kigeuzi kingine kinachofanya kazi kinyume: hupokea namba kutoka kwa prosesa na kutoa volti ndogo inayoongezwa kwenye ishara ili kuipandisha au kuishusha. Hiki ndicho unachokiendesha unapozungusha kitufe cha wima.

Kila hatua katika hizo ina kosa lake dogo. Kiwandani, na kila mara mashine inapojisawazisha, makosa hayo hupimwa kwa kila ngazi na namba za marekebisho huwekwa kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo mstari uliotulia juu ya sifuri hauonyeshi kwamba hakuna makosa. Unaonyesha kwamba makosa ya leo yanalingana na yale yaliyopimwa siku ile. Yakibadilika, mstari unahama.

Kabla ya kuilaumu mashine, kuna mambo yanayofanana na ofseti ambayo ni halali kabisa. La kwanza ni swichi ya AC. Chukua pigo la kutoka volti 0 hadi 5 ambalo hukaa juu kwa asilimia 20 ya muda wake. Wastani wake ni volti 1, na kapasita ya AC huuondoa wastani huo, hivyo kioo kitakuonyesha pigo linalotoka volti 1 chini ya sifuri hadi volti 4 juu. Nimewaona watu wakiandika "mashine mbovu" kwa sababu ya jambo hili. La pili ni kipimo cha wastani kinachokokotolewa juu ya kioo chote. Umeme wetu wa hertsi 50 hukamilisha mzunguko kila milisekunde 20. Ukiweka milisekunde 2 kwa mraba kwenye kioo chenye miraba 12, unaona milisekunde 24, mzunguko mmoja na kipande, na kipande hicho kinatosha kuzaa wastani wa uongo. Iambie mashine ipime mizunguko kamili na "ofseti" hiyo itatoweka.

La tatu hupuuzwa kuliko yote: karatasi ya mtengenezaji. Tuichukue Rigol DS1054Z, mashine ya chaneli nne iliyopendwa sana na wanafunzi na mafundi kwa bei yake nafuu. Karatasi yake inairuhusu kukosea ofseti kwa sehemu ya kumi ya mraba, kuongeza milivolti 2, kuongeza asilimia 1 ya ofseti uliyoiweka kwa kitufe. Ukuzaji nao unaruhusiwa kukosea asilimia 3 ya kioo kizima kuanzia ngazi ya milivolti 10. Sasa chomeka probu ya 10X, ile inayoigawanya ishara kwa kumi, weka milivolti 500 kwa mraba, na ushushe sifuri miraba minne hadi chini ya kioo. Kwenye soketi yenyewe ngazi hiyo ni milivolti 50 kwa mraba. Sehemu ya kumi ya mraba ni milivolti 5, ongeza 2, ongeza asilimia 1 ya milivolti 200 ulizoshusha, nayo ni 2. Jumla ni 9 kwenye soketi, na mashine huizidisha mara kumi ili kuifidia probu: milivolti 90 kwenye ncha. Ukiongeza na kosa la ukuzaji unafika milivolti 210. Yaani volti 3.42 mahali pa 3.3 ingekuwa ndani ya sheria kwa mashine ya namna hiyo. Osiloskopu ilizaliwa kuonyesha jinsi volti inavyobadilika kwa wakati. Anayetaka kujua regulata inatoa volti ngapi hasa, achukue multimita.

Hapo pia pana onyo kuhusu kitufe cha wima. Mtu anayetaka kuona mawimbi madogo juu ya volti 12 kwa kuishusha ishara volti 12 nzima atayaona mawimbi vizuri, ila asimwamini yeyote anayemsomea kiwango cha DC kutoka kwenye picha hiyo. Asilimia 1 ya volti 12 ni milivolti 120. Kadiri unavyoivuta sifuri mbali, ndivyo kosa linavyonenepa.

Tukishayaondoa hayo, tunabaki na mashine ambayo kweli imehama. Hapa ndipo penseli inapoingia. Iache mashine iwake nusu saa. Chomoa probu zote. Funga soketi kwa kifuniko kinachounganisha pini ya katikati na ganda, au kwa tamino ya omu 50. Weka DC, weka kitufe cha wima katikati, punguza upana wa masafa hadi megahertsi 20, washa wastani wa picha 64 au zaidi ili kelele itulie, kisha pita ngazi zote kuanzia ndogo hadi kubwa. Kwa kila ngazi andika mstari umekaa wapi, kwa milivolti na kwa miraba. Safu hizo mbili ndizo zinazosema. Usishtushwe na hatua za kigeuzi: mashine nyingi hutoa namba 25 kwa kila mraba, kwa hiyo kwenye volti 1 kwa mraba hatua moja ni milivolti 40, na kuhama kwa nusu yake hakuna maana yoyote.

Tuseme safu ya miraba imebaki palepale: theluthi ya mraba kwenye milivolti 10, theluthi kwenye milivolti 100, theluthi kwenye volti 1. Kosa hilo halijali ukuzaji, basi limeingia baada ya ukuzaji. Anwani yake ni kigeuzi cha mwisho, kile kinachozalisha volti ya ofseti, au volti ya rejea inayovilisha vyote viwili. Chaneli zote zikihama pamoja kwa kiasi kinachokaribiana, anza na pawa saplai: pima reli chanya na hasi kwa multimita, kisha tazama kama zina mawimbi.

Tuseme sasa safu ya milivolti ndiyo iliyotulia. Milivolti 4 kwenye ngazi ya 10, milivolti 4 kwenye ya 20, milivolti 4 kwenye ya 50. Kosa limekuzwa pamoja na ishara, basi liliingia kabla ya amplifaya ya pili. Endelea kupanda hadi usikie mlio wa rilei, pale kipunguzi kinapoingia kazini. Milivolti 4 zikiruka ghafla kuwa 40, chanzo kiko kati ya kipunguzi na ukuzaji, na mshukiwa mkuu ni amplifaya ya kupokea na JFET yake: mashine inadhani ishara imegawanywa kwa kumi, inaizidisha tena, na kosa lililoingia baada ya kugawanywa linazidishwa pamoja nayo. Zisiporuka, kosa liko mbele ya kipunguzi au halimo ndani ya mashine kabisa. Na kama ni ngazi moja au mbili tu zilizoharibika huku nyingine zikiwa safi, fikiria namba ya marekebisho iliyoharibika kwenye kumbukumbu, au mguso mchafu wa rilei. Bofya ngazi hiyo mbele na nyuma mara kumi. Mstari ukitua mahali tofauti kila mara, ni rilei.

Jedwali hili ni kipimo cha mabadiliko yaliyotokea tangu mashine ijisawazishe mara ya mwisho. Ukiiamuru ijisawazishe kabla ya kuliandika, inayapima makosa mapya, inayaficha chini ya namba mpya, na ngazi zote zinarudi sifuri. Mstari unapendeza. Sehemu inayokufa inaendelea kufa, nawe umepoteza ramani.

Kuna jaribio moja zaidi ninalolithamini kuliko mengine yote: linganisha soketi iliyofungwa na soketi iliyo wazi. Mlango wa osiloskopu una ukinzani wa megaomu 1. Nanoampea moja tu ikivuja ndani yake huzaa milivolti 1, na kwenye ngazi ya milivolti 1 huo ni mraba mzima. Ukifunga soketi, mkondo huo unapata njia rahisi na kosa linazimika. Ukiiacha wazi, linarudi. Tofauti kati ya hali hizo mbili ndiyo sahihi ya mvujo: JFET iliyoumizwa na volti kubwa, diodi ya ulinzi iliyochoka, au uchafu juu ya bodi. Soketi iliyo wazi hunasa umeme wa ukutani, kwa hiyo ivike kifuniko cha chuma kisichogusa pini.

Na hapa kuna mtego ambao mimi mwenyewe niliwahi kuingia. Kugusisha ncha ya probu ya 10X kwenye klipu yake si sawa na kufunga soketi. Ndani ya probu kuna rezista ya megaomu 9. Ncha ikiwa imegusa ethi, mlango wa mashine unaona megaomu 9 sambamba na megaomu 1, yaani kilo-omu 900. Mvujo unabaki karibu wote, na mashine inauzidisha mara kumi kwa heshima ya probu. Nanoampea ileile moja inakuwa milivolti 9 kwenye kioo. Hivyo mtu anayesema "nimeigusisha ethi na bado imehama" amethibitisha kwamba kuna kosa, ila bado hajajua ni la aina gani.

Joto ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, na pia ndiyo rahisi. Transista na amplifaya za mlangoni huhama kidogo kwa kila nyuzi moja, ndiyo maana vitabu vya watengenezaji huagiza mashine iwashwe dakika 20 hadi 30 kabla ya kujisawazisha, na zoezi lirudiwe joto la chumba likibadilika kwa nyuzi 5 au 10 hivi. Karakana ambayo asubuhi ina kiyoyozi na mchana umeme ukikatika inafunguliwa madirisha inavuka kiwango hicho ndani ya siku moja. Dalili ya joto ni utaratibu wake: mstari unahama kwa dakika chache baada ya kuwasha, unapunguza mwendo, unatulia. Usiotulia una tatizo lingine. Angalia feni na matundu ya hewa kwanza. Mashine iliyowekwa juu ya nguo au kubanwa ukutani huoka yenyewe.

Jedwali likishaandikwa na mashine ikishapata joto lake, hapo ndipo kujisawazisha kuna haki yake. Chomoa kila kitu, hata waya wa kichocheo cha nje. Mashine nyingine hujitenga na soketi kwa rilei za ndani, nyingine hutegemea uaminifu wako, na ukiacha probu kwenye saketi yenye umeme zinaweza kuikubali volti hiyo kuwa sifuri mpya. Zile zinazojisawazisha soketi ikiwa wazi zina udhaifu mmoja: mvujo nao utahesabiwa kuwa sehemu ya sifuri. Baadaye ukichomeka chanzo chenye ukinzani mdogo, mvujo unazimika lakini marekebisho yanabaki, na mstari unahama upande wa pili. Fundi anayeona ofseti iliyogeuka alama baada ya kujisawazisha amepewa jibu mkononi.

Mashine za zamani zina maradhi yake. Osiloskopu nyingi za analojia zilikuwa na skrubu ndogo iliyoandikwa DC BAL. Ulikuwa unabadili ngazi huku ukiizungusha hadi mstari uache kuruka, na kwa njia hiyo fundi wa wakati ule alijifunza kwa vidole kile ambacho leo programu inakificha. Tektronix, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1946 huko Portland, Oregon, ilitengeneza katika miaka ya 1990 mashine za kidijitali za familia ya TDS 500 ambazo bado ziko mezani kwa watu wengi. Namba zake za marekebisho zilikaa kwenye chipu za kampuni ya Dallas zenye betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani, ambazo mtengenezaji aliziahidi miaka 10. Hesabu ni rahisi. Betri ikifa, marekebisho yanakwenda nayo, na hakuna ufundi wa solda utakaoyarudisha. Ndiyo maana wakarabati makini huyanakili kabla chipu haijaguswa. Mashine hizohizo zilikuja na kapasita ndogo za elektroliti ambazo baada ya miaka huvuja kimiminika kinachopitisha umeme na kula shaba ya bodi. Mashine iliyokataa kumaliza zoezi la kujisawazisha mara nyingi ilikuwa na kimiminika hicho chini ya kapasita, na kubadili kapasita bila kuosha bodi ni kazi nusu.

Kwenye mashine mpya zaidi kuna kosa la kushirikiana. Chaneli zote nne za DS1054Z hutumia chipu moja ya kigeuzi: chaneli moja ikiwaka inapata sampuli bilioni 1 kwa sekunde, mbili zinagawana nusu kwa nusu. Ndani ya chipu kuna vigeuzi vidogo vinavyopokezana, na kila kimoja kina sifuri yake. Zisipolingana, mstari uliotulia huota meno madogo yanayojirudia. Ukiona ofseti inabadilika pale tu unapowasha chaneli ya pili, huna haja ya kufungua mlango wa chaneli ya kwanza.

Kutenganisha ofseti na kosa la ukuzaji kunahitaji betri kavu moja. Ipime kwa probu ya 1X, kisha igeuze. Tuseme umepata volti 1.56 chanya na volti 1.48 hasi. Jumlisha ukizingatia alama zake na ugawe kwa mbili: 0.04, hiyo ni ofseti. Tafuta tofauti yake na ugawe kwa mbili: 1.52, hiyo ndiyo betri kwa mujibu wa ukuzaji wa mashine, na ndiyo ya kulinganisha na multimita. Watu wamefungua mashine kutafuta ofseti kumbe wana kosa la ukuzaji, ambalo kujisawazisha hakuwezi kulithibitisha kwa sababu mashine inajipima kwa rejea yake yenyewe. Anayehitaji uhakika wa kuandikwa kwenye cheti aende kwenye maabara za ugezi, kama zile za mashirika ya viwango, TBS hapa kwetu au KEBS kule Nairobi, na apeleke mashine kabla ya kuigusa, ili apate pia namba za jinsi ilivyokuwa.

Probu za kisasa zenye umeme wake na klampu za kupimia mkondo zina sifuri zao wenyewe. Klampu ya sumaku iliyopitishwa mkondo mkubwa hubaki na usumaku. Ondoa usumaku huo, isawazishe ikiwa tupu, kisha ndiyo uitazame osiloskopu.

Turudi kwenye mashine yetu. Kijana alifunga soketi: mstari ukashuka hadi sifuri kwenye ngazi zote. Akarudisha probu na kuigusisha: robo ya mraba, milivolti 120 kwenye ncha, 12 kwenye soketi. Milivolti 12 juu ya kilo-omu 900 ni nanoampea 13 hivi. Tukaliandika jedwali kwa siku mbili, na likatuonyesha kitu ambacho hatukukitafuta: asubuhi ya mvua kosa lilikuwa kubwa, alasiri mashine ikiwa imewaka saa nyingi lilipungua karibu nusu. Transista iliyoungua haijui masika wala kiangazi. Reli ya volti 5 inahitaji njia ya megaomu 385 tu kuvujisha nanoampea 13, na vumbi lililolowa hewa ya chumvi ya pwani ni njia nzuri kuliko hiyo.

Tulichomoa waya wa ukutani na kusubiri, kwa sababu pawa saplai ya volti 230 huacha volti 325 kwenye kapasita yake kubwa, kisha tukapima kwamba imeisha. Chini ya kinga ya chuma ya chaneli ile kulikuwa na utando wa kijivu kuanzia soketi hadi kwenye rilei ya kwanza. Tuliuosha kwa alkoholi ya isopropili na brashi laini, mara mbili, tukaiacha bodi ikauke usiku kucha. Siku ya pili soketi wazi na soketi iliyofungwa zilitofautiana kwa chini ya nusu milivolti. Ndipo tukaiamuru mashine ijisawazishe. Regulata mbili alizozing'oa kijana tulizipima baada ya hapo: zote zilitoa volti 3.3.